Namna ya Kuzuia Ugonjwa wa Mdomo na Manyoya Usisambae kwa Kasuku wa Kufugwa

Ukimshika kasuku wa kijivu mwenye afya kisha ukaitazama mikono yako, utaona imebaki na unga mweupe laini, kama unga wa muhogo uliochekechwa. Unga huo unatokana na manyoya maalumu yaliyo karibu na ngozi, ambayo humomonyoka kila siku na kumpaka ndege mwili mzima, hata mdomo wake ulio mweusi ukaonekana wa kijivujivu. Kwa ndege aliyeambukizwa ugonjwa wa mdomo na manyoya, unaojulikana kwa kifupi kama PBFD, unga huohuo hubeba virusi. Hupeperuka hewani, hutua kwenye maji ya kunywa, hushika kwenye nguo, na hubaki katika nyuzi za ufagio. Mwongozo huu unahusu namna ya kuukatia njia, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuuponya, na mfugaji hana chanjo ya kununua dukani kwa ajili yake.

Nawaandikia watu wanaotunza kasuku zaidi ya mmoja kwa kibali halali, pamoja na wale wanaohudumia kasuku waliokamatwa mikononi mwa walanguzi, kama wanaopokewa Entebbe nchini Uganda au Lwiro katika Kivu Kusini. Hawa wa pili wana mzigo mkubwa zaidi. Kasuku walionaswa msituni husongamanishwa kwenye makreti, hulishwa vibaya na kusafirishwa kwa siku nyingi, na kinga ya miili yao huwa imeporomoka kabla hawajafika kwenye lango la kituo. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, ulioanza kutumika Januari 2017, lakini ulanguzi haukukoma siku hiyo.

Kwanza, mfahamu adui

Virusi vya PBFD ni vya kundi la sirkovirusi, ambavyo ni miongoni mwa virusi vidogo kabisa vinavyojulikana. Havina utando wa mafuta kwa nje, na jambo hilo dogo lina matokeo makubwa kwa mtu anayeshika kitambaa cha kusafishia: sabuni na spiriti, ambazo huua virusi vingi kwa kuyeyusha utando huo, hapa hazitoshi. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba chembe zake hubaki imara hata baada ya kuwekwa kwenye nyuzijoto 80 kwa dakika 30, kwa hiyo maji ya moto peke yake si ya kutegemewa.

Ugonjwa ulielezwa kwanza kitaalamu nchini Australia, kwa kasuku weupe wenye kishungi, na kutoka huko ukasambaa duniani kwa njia ya biashara ya ndege. Nchini Mauritius, ambako kasuku wa kienyeji aitwaye echo alikuwa ameokolewa kutoka kwenye ukingo wa kutoweka, mlipuko wa katikati ya miaka ya 2000 uliwalazimisha walinzi wake kufikiri upya kuhusu kushika na kuhamisha makinda, na kuhusu usafi wa vyombo vya kulishia. Huko Afrika Kusini, kasuku wa Cape naye ameathirika. Kasuku wadogo wa Fischer, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania na ambao wamefugwa dunia nzima, nao hupata maambukizi, na wengi wao huonekana wazima huku wanavitoa virusi.

Njia za kuambukiza ni vumbi la manyoya, kinyesi, chakula ambacho mzazi anamcheulia kinda, na yai lenyewe kutoka kwa mama. Dalili zinaweza kuonekana baada ya wiki 3 au 4, au zikachukua miezi, hata miaka. Ndege walio chini ya umri wa miaka 3 ndio walio hatarini zaidi.

Kuna sura mbili za ugonjwa, na ni kosa la hatari kuisubiri ile ya pili huku ya kwanza ikiendelea kuua. Makinda na kasuku wachanga wa kijivu wanaweza kufa ghafla, manyoya yao yakiwa bado mazuri kabisa: chembe nyeupe za damu zinaisha, damu inapungua, ini linaharibika, na mtunzaji anaona tu ndege aliyezubaa, aliyeacha kula, kisha amekufa. Kwa ndege wakubwa, ugonjwa huenda polepole. Manyoya mapya huota yakiwa mafupi, yamebanwa karibu na shina kama yaliyofungwa uzi, yamejikunja, au yana damu ndani ya bomba lake. Baadhi ya kasuku wa kijivu huota manyoya mekundu mahali ambapo hayapaswi kuwa, ingawa wekundu huo unaweza pia kuwa na sababu nyingine na peke yake hauthibitishi kitu. Mtazame hasa kichwani. Kasuku anayejinyonyoa kwa upweke hawezi kuufikisha mdomo wake utosini, hivyo ukiona kichwa kimeharibika naye anaishi peke yake, usilifanye kuwa jambo la tabia. Mpitishie pia kidole juu ya mdomo: ukiwa mweusi unaong'aa na kidole hakikutoka na unga, maana yake manyoya yanayotoa unga hayafanyi kazi, na ni lazima apimwe.

Hatua ya 1: Andika ulichonacho

Kabla ya kununua dawa au kujenga chumba, fungua daftari. Mwandikie kila ndege ukurasa wake: pete au alama yake, alikotoka, tarehe aliyofika, nani amekaa karibu naye, uzito wake kila wiki, na vipimo vyote. Siku ugonjwa utakapothibitika, swali la kwanza la daktari wa mifugo litakuwa ni nani walikutana na nani, na kumbukumbu ya kichwani haijibu swali hilo kwa usahihi.

Hatua ya 2: Tenga chumba cha karantini kabla hujahitaji

Karantini ya kweli ni chumba chenye kuta, mlango na hewa yake. Kona ya banda, au tundu lililosogezwa hatua kumi kutoka kwa wenzake, halitoshi, kwa sababu vumbi la manyoya halijui hatua. Chumba kikiwa katika jengo jingine ni bora zaidi. Kisipowezekana, kiwe upande ambao upepo ukivuma hauelekei kwenye ndege wengine. Kwenye pwani, ambako kaskazi na kusi hubadilishana, angalia mpangilio huo katika misimu yote miwili. Usitumie feni inayosukuma hewa kutoka karantini kwenda ukumbini, wanakokaa ndege wengine.

Sakafu iwe ya saruji laini au vigae. Ondoa mapazia, mazulia, vikapu na kila kitu kinachonyonya vumbi. Vitulio vya mbao ni vizuri kwa miguu ya ndege, kwa hiyo viwepo, lakini vihesabiwe kuwa ni vya kuchomwa moto ndege akiondoka, wala visihamishwe. Mlangoni pawe na aproni, viatu vya mpira, glavu na barakoa ambavyo havitoki humo, pamoja na beseni la kukanyagia lenye dawa inayobadilishwa kila siku. Ndani pawe na ufagio wake, beseni lake, vyombo vyake vya chakula na maji, na hata kalamu yake.

Kila ndege mgeni aingie humo, bila kujali uzuri wake, bei yake, wala heshima ya mtu aliyemleta. Wengi hushauri siku 30 hadi 45. Mimi nashauri siku 90, kwa sababu ninazozieleza katika hatua ya vipimo, na kwa sababu nimeona muda mfupi ukiwapa watu utulivu wasiostahili kuwa nao. Kama wageni wawili wamefika kwa tarehe tofauti na wako chumba kimoja, hesabu inaanza upya siku alipoingia wa mwisho.

Hatua ya 3: Pima mara mbili

Kipimo kinachotumika ni PCR, ambacho hutafuta chembe za urithi za virusi katika damu na manyoya. Chukua vyote viwili inapowezekana. Unyoya uwe mchanga, uliong'olewa kifuani kwa mkono wenye glavu mpya. Usiokote unyoya sakafuni, kwa sababu huo unaweza kuwa umebeba vumbi la ndege mwingine na ukamhukumu asiye mgonjwa. Badilisha glavu kati ya ndege na ndege, na uandike jina kwenye bahasha kabla hujamshika ndege, wala si baadaye. Damu ichukuliwe na daktari wa mifugo.

Majibu yanahitaji kusomwa kwa utulivu. Ndege mwenye dalili na kipimo kinachoonyesha virusi ni mgonjwa. Ndege asiye na dalili lakini kipimo kimeonyesha virusi hajahukumiwa bado: baadhi yao, hasa waliokomaa, hupambana na maambukizi na kuyashinda. Huyo abaki ametengwa, apimwe tena baada ya siku 90. Kipimo cha pili kikiwa safi, alipitiwa na virusi na mwili wake ukavitoa. Kikirudi vilevile, mchukulie kuwa ameambukizwa kwa kudumu. Ndege ambaye kipimo chake ni safi lakini manyoya yake yanazungumza vingine anahitaji uchunguzi wa kipande cha ngozi chenye shina la unyoya. Hapo ndipo siku 90 za karantini zinapopata maana: zinaruhusu kipimo cha pili kufanyika kabla ndege hajakutana na yeyote.

Usikae ukisubiri maabara kabla ya kuchukua hatua. Iwapo sampuli inabidi isafirishwe mbali na majibu yatachukua wiki kadhaa, kila mshukiwa atunzwe kama mgonjwa katika muda wote huo.

Hatua ya 4: Panga kazi za siku kwa mstari mmoja usiorudi nyuma

Asubuhi huanza kwa makinda, hufuata wakubwa wenye afya, kisha walio karantini, na mwisho wagonjwa waliothibitishwa. Ukishawahudumia wagonjwa, siku hiyo usirudi tena kwa makinda mpaka uwe umeoga, umeosha nywele na kubadilisha nguo zote. Penye wahudumu wawili, mmoja awe wa karantini tu. Wageni na watazamaji wasiingie karantini kabisa, na yeyote aliyetoka sokoni kwenye ndege au kwa mfugaji mwingine asiguse matundu siku hiyohiyo.

Naeleza jambo lililotokea mikononi mwangu, kwa kuwa limenifundisha kuliko nilivyofundishwa na karatasi. Nilipokea kasuku wawili wachanga kutoka kwa mtu aliyekuwa amewafuga nyumbani, wote wakiwa wachangamfu, wanakula vizuri. Niliwatenga katika chumba cha nyuma, nikawawekea vyombo vyao, nikawa nanawa mikono kila mara. Lakini ufagio ulikuwa mmoja. Kila asubuhi ulifagia ukumbi, kisha chumba cha nyuma, kisha ukarudi kusimama nyuma ya mlango wa ukumbi, ukiwa na vumbi jeupe limeganda kwenye mizizi ya nyuzi zake. Mmoja wa wale wachanga alikufa katika wiki ya tano. Miezi michache baadaye, kasuku wawili wa ukumbini ambao hawakuwahi kuwaona wale wageni walianza kuota manyoya yaliyobanwa mashinani, na vipimo vikathibitisha. Siwezi kuapa kwamba ni ufagio peke yake uliovipeleka virusi. Ninachojua ni kwamba ndicho kitu pekee kilichokuwa kikivuka mlango ule kila siku bila kuoshwa.

Hatua ya 5: Ondoa uchafu, kisha ua virusi

Watu wengi huimwaga dawa juu ya kinyesi na kuridhika na harufu yake. Dawa inayokutana na uchafu huishiwa nguvu kabla haijafika kwenye virusi, kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti na zifanywe kwa utaratibu wake.

Anza kwa kulowesha. Usifagie vumbi likiwa kavu wala usipige matundu kwa kitambaa kikavu, kwa sababu utakuwa unalirusha hewani. Nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia juu ya trei, sakafu na nyavu, subiri vumbi lilale, kisha kusanya karatasi na mabaki kwa kuyakunja ndani kwa ndani na kuyatia kwenye mfuko unaofungwa. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi isitumike, maana hulitoa vumbi laini upande wa pili. Sugua kwa maji na sabuni mpaka uso wa chombo uonekane safi kwa macho, suuza, uache uchuruzike. Sabuni haijaviua virusi, lakini imeondoa sehemu kubwa ya vinavyovificha.

Sasa weka dawa. Poda ya Virkon S, inayochanganywa kwa gramu 10 kwa kila lita 1 ya maji, ndiyo ninayoipendelea mahali inapopatikana. Pasipo nayo, tumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi tunaiita jiki, kwa sehemu 1 ya dawa na sehemu 9 za maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo. Uso wa chombo ubaki umelowa kwa dakika 10 kamili, na katika chumba alichokaa mgonjwa mimi huongeza hadi 30. Ikikauka kabla ya muda, nyunyiza tena. Kisha suuza kwa maji mengi na uanike juani. Ndege wasiwemo chumbani wakati wa kazi hii, kwa sababu mapafu yao huumizwa haraka na mvuke wa klorini, na kamwe jiki isichanganywe na siki wala dawa yenye amonia.

Kitu chochote kisichoweza kusuguliwa kichomwe. Naelewa uchungu wa kuchoma kiota cha mbao kilichogharimu fedha, lakini kiota kilichotumiwa na jozi iliyoambukizwa hakisafishiki.

Hatua ya 6: Walinde makinda kuliko wote

Katika mlipuko, simamisha uzalishaji. Ondoa viota ili jozi zisitage. Usiyachanganye mayai ya jozi mbalimbali katika mashine moja ya kutotolea, na usiwalishe makinda wa familia tofauti kwa kijiko kimoja au sirinji moja, kwa sababu hapo mkono wa mtunzaji unafanya kazi ambayo virusi vingehangaika kuifanya vyenyewe. Usipokee makinda wa mfugaji mwingine kuwalea kwa hisani, hata akiwa rafiki.

Hatua ya 7: Amua kuhusu aliyethibitishwa

Ndege huyu haponi kwa dawa, lakini wapo wanaoishi miaka kadhaa kwa chakula kizuri, joto la kutosha, na ulinzi dhidi ya magonjwa nyemelezi yanayotumia udhaifu wa kinga yake. Anaweza kukaa nyumba isiyo na kasuku mwingine na isiyotarajia kuwa naye, akiwa na mtu atakayempa muda, maana kasuku aliyetengwa bila mwenzi huteseka. Wagonjwa wawili waliothibitishwa wanaweza kukaa pamoja. Mdomo ukianza kupasuka au kuoza na ndege akashindwa kula, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha bila maumivu, na usiahirishe mazungumzo hayo kwa ajili ya faraja yako mwenyewe.

Asiuzwe, asigawiwe bila kusema ukweli, na asiachiwe porini kwa hali yoyote. Hili nalisisitiza kwa vituo vyenye nia njema ya kuwarudisha kasuku msituni. Katika misitu kama Kibale nchini Uganda wapo kasuku wa porini, na ndege mmoja aliyefunguliwa bila kipimo anaweza kuwapelekea kile ambacho mlanguzi hakuwafanyia.

Hatua ya 8: Anapokufa ndege

Loweka manyoya kwa maji yenye sabuni ili vumbi lisiruke, funga mzoga katika mifuko miwili, uweke kwenye ubaridi wa friji bila kuugandisha, na umfikishie daktari mapema. Ukigandishwa, tishu huharibika na uchunguzi hupoteza mengi. Baada ya uchunguzi, mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina ambacho mbwa hawawezi kuufukua.

Magonjwa mengine ya virusi yanayobadilisha utaratibu

Si kila kifo ni PBFD. Herpesi inayosababisha ugonjwa wa Pacheco huua kundi kwa siku chache, lakini virusi vyake vina utando wa mafuta na huuawa kwa urahisi zaidi. Hapo daktari aitwe siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya asikloviri inaweza kuwaokoa waliobaki. Virusi vya bona, ambavyo tangu 2008 vinajulikana kuhusika na ugonjwa wa kutanuka kwa tumbo, humfanya ndege akonde huku akila, na mbegu nzima zikaonekana kwenye kinyesi.

Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, nao unamhusu mfugaji wa kasuku. Mlipuko wa California wa miaka ya 1971 hadi 1973, uliosababisha kuuawa kwa kuku wapatao milioni 12, ulihusishwa na kasuku walioingizwa kutoka nje, ambao wanaweza kuvitoa virusi hivyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo kuku wa nyumbani wachanjwe, na wasizurure chini ya matundu ya kasuku wakiokota punje.

Virusi vya PBFD havimwambukizi binadamu. Hata hivyo barakoa ivaliwe, kwa kuwa vumbi hilohilo linaweza kubeba bakteria wa sitakosisi, ambaye humshambulia mtu mapafuni.

Hatua ya 9: Kufungua mlango

Ndege hutoka karantini baada ya vipimo viwili safi vilivyoachana kwa siku 90, uzito wake ukiwa umetulia na manyoya yake mapya yakiwa yameota sawasawa. Kama kulikuwa na mgonjwa ndani ya jengo, futa kuta, nyavu na matundu ya hewa kwa pamba safi, upeleke pamba hizo zipimwe kwa PCR kabla ya kumleta yeyote. Zikionyesha virusi, rudia hatua ya 5 yote na upime upya. Ndege anayetoka abebwe katika tundu lililosafishwa ambalo halikuwa karantini, na kwa wiki mbili za mwanzo akae peke yake upande wa pili wa ukumbi, anakowaona wenzake na kuwasikia. Vyombo vyake vya zamani, kitulio chake na ufagio uliofagia chumba chake havimfuati.